Skrubu za Fundi Wima

Mkuu wa kituo alikuwa amesema saa tisa alasiri, na Mkuu akishasema huwa harudii. Ikifika saa tisa, faili liwe mezani kwake limekamilika, na fundi umeme aliyekuwa mahabusu apandishwe gari kwenda mahakamani kujibu shtaka la kusababisha kifo kwa uzembe. Sasa ilikuwa saa nne na robo asubuhi. Faili lilikuwa na karatasi tatu, na moja kati ya hizo ilikuwa na doa la chai ya Koplo.

"Hii ni ripoti ya daktari," Inspekta alisema, akiinyanyua kwa ncha za vidole.

"Chai haikufika kwenye maandishi, Afande. Imeishia pembeni."

Inspekta alivuta pumzi. Miaka kumi na tisa ya kazi ilikuwa imemfundisha kwamba ukianza kugombana na Koplo kabla ya saa sita, mchana wako hauishi. Akasoma tena. Marehemu, mwalimu mkuu mstaafu, miaka sitini na minane. Alama ya kuungua kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Moyo umesimamishwa na umeme; kichwa kilipogonga sakafu, mwenyewe alikuwa ameshakwenda. Karatasi ya pili ilikuwa maelezo ya shemeji wa marehemu, kaka wa mjane, yaliyojaa pande zote mbili na kumlaani fundi aliyeifunga ile feni ya dari. Ya tatu ilikuwa hati ya kumkamata huyo fundi, na sahihi ya chini ilikuwa ya Inspekta mwenyewe.

Hilo ndilo lililomkera kuliko doa la chai. Juzi nyumba nzima ilinyoosha kidole upande mmoja, naye akaenda ulikoelekea kidole. Swichi yenyewe hajaifungua mpaka leo.

"Mlete," akasema.

Fundi aliingia na pingu zake. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye makovu madogo madogo vidoleni, na macho ya mtu aliyekesha siku mbili. Hakungoja kuambiwa akae.

"Afande, mmeifungua swichi?"

"Hapa mimi ndiye ninayeuliza."

"Uliza tu. Lakini mmeifungua?"

"Feni ulifunga ngapi?" Inspekta akauliza, akijifanya hakusikia.

"Mbili. Ya sebuleni na ya chumbani. Wiki tatu zilizopita, siku moja, mkono mmoja."

"Nieleze kama unamweleza mtu asiyejua kitu."

Fundi akakaa, akaweka mikono yote miwili mezani kwa sababu pingu hazikumpa njia nyingine. "Kwenye kisanduku cha swichi ukutani zinaingia nyaya mbili, mwekundu na mweusi. Mwekundu ndio unaoleta moto. Mweusi kazi yake kurudisha. Wewe unaukata mwekundu, unaupitisha kwenye swichi, ndipo waya unapanda darini. Mtu akizima, moto unaishia ukutani. Mweusi huupitishi popote, unakwenda zake moja kwa moja."

"Na mtu akikosea, akaukata mweusi badala ya mwekundu?"

"Feni itawaka na itazimika vilevile. Hutaona tofauti mwaka mzima. Lakini ukizima, feni inasimama na moto uko palepale juu unakungoja."

"Ulikosea?"

"Sikukosea." Kisha akainamisha kichwa. "Afande, jana usiku nimeifunga ile feni kichwani mara mia. Mara tisini na tisa nimekata mwekundu. Mara moja usingizi ukanipitia, nikajiona nimekata mweusi. Tangu hapo sina amani. Mahakama ni mambo ya baadaye. Mimi nataka nijue kama ni mkono wangu uliomuua Mwalimu, kwa sababu kama ni wangu, bisibisi sishiki tena mpaka naingia kaburini."

Koplo alikohoa. Inspekta aligeuza karatasi ambayo haikuwa na kitu upande wa pili.

"Humu wamekuandika kwa jina la utani. Fundi Wima. Kwa nini?"

"Skrubu, Afande. Nikimaliza kufunga kifuniko, nazisimamisha. Ule mkato wa kichwani, wote unatazama juu na chini. Marehemu baba alikuwa seremala, yeye ndiye aliyenizoesha. Alisema vumbi halikai, na mtu akipita nyuma yako kuchokonoa kazi, utamjua. Wenzangu wananicheka."

Inspekta alifunga faili. "Koplo, ufunguo wa gari, na ule mfuko wa vifaa vyake. Tunaondoka naye."

"Tunampeleka kwa wafiwa? Afande, watamla mbichi."

"Basi wewe utakaa katikati," Inspekta akasema.

*

Mlangoni palikuwa na kengele ya umeme, na kando yake nyaya mbili zilining'inia, zimeunganishwa kwa vikofia viwili vya plastiki vya rangi ya chungwa, kila kimoja kama ncha ya kidole gumba. Inspekta alikuwa bado anavitazama mlango ulipofunguliwa na yule shemeji wa marehemu. Mtaa mzima ulimwita Mjomba, hata waliomzidi umri. Alikuwa amekaa ng'ambo miaka ishirini na miwili, amerudi miezi minane iliyopita, akafikia kwa dada yake, na tangu arudi hapakuwa na kitu hapa kilichofanywa vizuri kama kinavyofanywa kule.

"Hiyo nimeiunga mimi," Mjomba alisema kabla ya salamu. "Unaviona hivyo vikofia? Mafundi wa hapa wanaviringisha tepu kama wanafunga kidonda. Kule tunasokota nyaya, tunavika kofia, kazi imekwisha. Hapa hutavipata dukani. Nilikuja navyo kopo zima."

Inspekta alibonyeza kengele. Haikulia.

"Betri hiyo," Mjomba akasema. Kisha akamwona Fundi nyuma ya Koplo, na uso ukabadilika. "Huyu mmemleta kufanya nini humu? Hamtosheki?"

"Nimemleta mimi," Inspekta akasema, akapita.

Juzi, kabla ya kuondoka, alikuwa amewaambia watu wa nyumba ile maneno mawili tu: msiguse kitu. Aliyarudia mara tatu, mara ya tatu kwa sauti ya kituoni. Sasa alisimama katikati ya sebule akatazama juu. Feni haikuwepo. Pale ilipokuwa paliachwa kulabu, na nyaya mbili zilizofungwa tepu nchani, mwekundu na mweusi.

Feni ilikuwa imelazwa kwenye kochi, imefunikwa shuka hadi kwenye mapanga, kama mgonjwa.

"Nani ameishusha?"

Mjane alitoka jikoni akifuta mikono. Alikuwa mama mnene wa miaka sitini hivi, mwenye sauti iliyokauka kwa kulia. "Mimi nilisema ishushwe, mwanangu. Watu wanakuja kunipa pole, wanaingia wanaona kilichomuua mwenzangu kinaning'inia juu ya vichwa vyao. Nimekosea?"

"Hapana, Mama. Nani alipanda kuishusha?"

"Majirani."

"Jirani yupi?"

"Wote," mjane akasema.

Inspekta alihesabu kimoyomoyo hadi saba, akaona inatosha. "Stuli aliyopandia iko wapi?"

Stuli ilikuwa uani, imeoshwa kwa sabuni na kuanikwa juani. Na kile kisu cha mezani ambacho marehemu alikuwa nacho mkononi? Hicho nacho kilikuwa kimeoshwa. Mjane alivuta droo ya jikoni, na humo vikalala visu sita vilivyofanana kama watoto wa tumbo moja.

"Ni kimoja kati ya hivi," akasema kwa upole, kama anayesaidia.

"Afande, tuvichukue vyote sita?" Koplo akauliza.

Inspekta alisukuma droo ikafungwa. Alikuwa na hasira ambayo haikuwa na mtu wa kuiangukia, kwa sababu huwezi kumkemea mjane kwa kuosha vyombo. Akamketisha kwenye kiti na kumwomba asimulie upya, polepole.

"Feni ilianza kugonga asubuhi," mjane alisema. "Tak, tak, tak. Mwalimu akasema kuna kitu kimelegea kule juu, kwenye kile kikombe cha darini. Akatafuta bisibisi. Hatuna. Za kaka yangu zimo kwenye sanduku lake, lina kufuli, na yeye alikuwa ametoka. Ndipo akachukua kisu."

"Swichi alizima?"

"Alizima. Niliisikia, ta. Nikaona feni inapunguza, inapunguza, mpaka ikasimama kabisa. Mwalimu hakuwa mtu wa pupa, alingoja. Ndipo akapanda, akashusha kikombe, akaingiza kisu." Akaitazama feni pale kochini. "Hakupiga hata kelele."

Mjomba alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha dada yake, amemwekea mkono begani. "Swichi imezimwa na mtu amekufa. Hapo panahitaji upelelezi gani? Fundi amefunga uchafu. Kule huyu asingepewa hata ruhusa ya kubadilisha taa."

Fundi, mlangoni, aliikazia macho swichi ya ukutani.

"Nawauliza nyote wawili," Inspekta akasema. "Tangu Fundi aondoke, nani ameichezea swichi ile?"

"Hakuna," Mjomba akajibu papo hapo.

Mjane alitazama mikono yake. Alichelewa kidogo, kisha akatikisa kichwa.

*

Koplo alitumwa kwenye swichi kuu ukumbini, azime umeme wa nyumba nzima na asimame hapo kama mlingoti. Inspekta alianza na chumbani. Skrubu mbili za kifuniko zilikuwa zimesimama, mkato juu na chini, sawasawa kama askari gwarideni. Alikuwa ndiyo kwanza ameweka ncha ya bisibisi ya Fundi kwenye ya kwanza, taa ya kitandani ikawaka usoni mwake.

"Koplo!"

"Kuna jirani alikuwa anachaji simu, Afande. Ameiwasha swichi. Mimi nilikwenda kunywa maji mara moja."

"Ungenikuta nimelala hapa pembeni ya kitanda, maji yangekuwa matamu?"

Umeme ukazimwa mara ya pili. Kifuniko kikafunguliwa. Ndani, mwekundu uliingia kwenye swichi na mwekundu ukatoka. Mweusi ulipita pembeni bila kukatwa, na palipohitaji kiungo, kilikuwa kile cha plastiki nyeupe chenye skrubu, kama kinavyouzwa katika kila duka la vifaa. Inspekta hakuwa fundi, lakini kilichokuwa mbele ya macho yake kilikuwa kama alivyoelezwa asubuhi.

"Moja amefunga sawa, nyingine amekosea," Koplo alisema akichungulia kutoka ukumbini. "Hata mpishi mzuri kuna siku anaunguza."

"Wewe usiiachie hiyo swichi," Inspekta akasema.

Sebuleni aliinama mbele ya swichi ya pili, akaitazama muda mrefu bila kuigusa. Skrubu ya juu ilikuwa imelala kabisa, mkato umeelekea dirishani. Ya chini imeinama upande.

"Hizo si zangu," Fundi alisema kutoka mlangoni.

"Skrubu ni skrubu," Mjomba akasema. "Zina kabila?"

"Labda marehemu mwenyewe ndiye aliyefungua," Koplo akapendekeza. "Mtu wa kujishughulisha."

"Kwa kisu cha mezani?" Inspekta alisogeza tochi. "Kisu kingeteleza, kingekwaruza rangi. Vichwa hivi havina hata mkwaruzo mmoja. Vimeguswa na bisibisi ya ukubwa wake hasa. Na marehemu angekuwa na bisibisi kama hiyo, angepanda nayo stuli."

Alizifungua, akakivuta kifuniko. Waya uliokuwa umekatwa na kupitishwa kwenye swichi ulikuwa mweusi. Ule mwekundu ulikwenda darini moja kwa moja. Na pale mwekundu ulipokutana na mwekundu, ulikuwa umesokotwa na kuvikwa kikofia cha plastiki cha rangi ya chungwa.

Fundi alisogea hatua moja, Koplo akasahau kumzuia. "Hicho ni nini? Mimi kitu hicho sijawahi kukiona maishani mwangu."

Inspekta alikuwa amekiona. Alikuwa amekiona mlangoni nusu saa iliyopita, viwili, na kuelezwa kwamba hapa havipatikani dukani. Koplo naye alikuwa amekumbuka, kwa sababu alimvuta pembeni na kunong'ona kwa sauti ambayo ingesikika mtaa wa pili.

"Kikulacho ki nguoni mwako, Afande. Jirani wa simu ameniambia hawa mashemeji walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na huyu ana miezi minane. Mwalimu alikuwa amemwambia atafute kwake. Tena alimkataza kugusa umeme wa nyumba hii tangu alipounguza redio. Amemtegea. Huu ni uuaji, faili linabadilika rangi."

Lilikuwa jambo la kuaminika, na ndiyo maana Inspekta hakuliamini haraka. Juzi pia aliaminishwa jambo la kuaminika, na mtu akalala sakafuni siku mbili. Mtu anayetega mtego haachi kofia yake mtegoni, tena kofia anayomwonyesha kila mgeni mlangoni. Ama Mjomba alikuwa mjinga wa ajabu, ama kuna kitu alikuwa anakiamini kwa moyo wake wote. Njia ya kujua ilikuwa moja, nayo ni ile ambayo Mjomba hajawahi kuikataa: kuombwa aeleze.

"Mjomba, nisaidie," Inspekta akasema. "Wewe umeona dunia. Mimi hizi nyaya zinanichanganya. Kazi kama hii, kule mnapitisha upi kwenye swichi?"

Mjomba alijongea. Hata kifua kilimtanuka. "Hilo ni swali la maana. Mweusi."

"Mweusi?"

"Mweusi ndio wenye moto. Mtoto mdogo kule anajua. Miaka ishirini na miwili nimefanya kazi kwenye majengo, nimeshika nyaya kuliko nilivyoshika kijiko. Mweusi unaukata, unaupitisha kwenye swichi, ukizima moto unaishia ukutani. Hapa wao wanakata mwekundu." Akamgeukia Fundi kwa dharau. "Huyu alikata mwekundu. Alimwachia shemeji yangu moto darini."

Fundi alifunga macho.

"Alikata mwekundu," Inspekta akarudia. "Ulimwona?"

"Niliona kazi yake. Wiki iliyopita, shemeji alipokwenda kupimwa macho. Nilisema ngoja nichungulie. Nilichokiona kilinitisha. Nikakirekebisha, hii ya sebuleni. Ile ya chumbani sikuiwahi, shemeji alirudi mapema."

"Niliuliza nani ameichezea swichi hii. Ukasema hakuna."

"Uliuliza nani ameichezea. Mimi sikuichezea. Niliitengeneza."

Inspekta alitamani kukaa chini. Mtu mmoja mahabusu siku mbili, mwingine kaburini, na huyu hapa alikuwa na jibu lote mfukoni tangu Jumatatu, hakulitoa kwa sababu hakuona kama ni jibu. Waliosema akili nyingi huondoa maarifa walikuwa wamekaa na mtu wa aina hii, tena nyumba moja.

"Fundi," akasema. "Nataka kujua moto uko wapi. Nifanyeje?"

"Kifuniko kirudishwe kwanza, asife mtu wa pili," Fundi akasema. "Kisha swichi izimwe. Kisha umeme urudi. Apande mtu na testa, aguse ncha moja moja. Penye moto, testa itawaka."

"Nitapanda mimi," Mjomba akasema. "Mumalize huu mchezo."

"Usipande," mjane alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kupandisha sauti.

Lakini Mjomba alikuwa ameshachukua ngazi ya jirani. Inspekta alikirudisha kifuniko kwa skrubu mbili, akabonyeza swichi ikae kwenye kuzima, akamwashiria Koplo. Ukumbini umeme ukarudi kwa mlio mdogo. Juu ya ngazi Mjomba alitoa tepu, akashika testa ya Fundi kwa mpini wa plastiki, akagusa mweusi.

Testa haikuwaka.

"Mmeona? Swichi imezimwa, moto hakuna. Kazi safi." Akagusa mwekundu.

Testa ikawaka, nyekundu, imara.

Mjomba aliitoa, akaitazama, akairudisha. Ikawaka. "Testa mbovu hii. Washa swichi."

Inspekta akawasha. Mwekundu uliwaka vilevile. Mweusi ulibaki giza.

"Nileteeni yangu. Ufunguo huu hapa, ufungueni sanduku."

Koplo alileta testa ya kule, ndefu, yenye mpini wa manjano. Mjomba alishuka kwanza, akaijaribu kwenye soketi ya ukutani, ikawaka kama inavyotakiwa. Akapanda tena. Swichi ikazimwa. Aligusa mweusi, aligusa mwekundu. Akarudia, mweusi, mwekundu. Mara ya tano mkono ulimshuka wenyewe.

"Hapa mwekundu ndio wa moto," akasema polepole, kama anayesoma maandishi ya mbali.

"Hapa ndivyo, Mjomba," Fundi akamjibu. Hakuwa na kejeli. "Nyumba zote za zamani. Kule sijui."

Mjomba alishuka ngazi akipapasa kila kidato kwa mguu. Alipofika chini alimtafuta dada yake kwa macho, na dada yake alikuwa anamtazama.

"Uliniambia nisimwambie," mjane alisema. "Ulisema atakasirika, lakini sasa iko salama. Nikanyamaza." Alizungumza taratibu, bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Jumatatu aliogopa kupanda. Aliniuliza, mke wangu, una hakika ukizima inatosha? Nikamwambia panda tu, haina neno. Nilimwambia hivyo kwa sababu nilijua wewe umeitengeneza."

Inspekta alitazama saa yake kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kutazama. Saa saba kasorobo. Alimwashiria Koplo, na Koplo, kwa mara moja bila maneno, akatoa ufunguo na kuzifungua pingu za Fundi.

Fundi alisugua vifundo vya mikono, akabaki palepale. "Kwa hiyo haukuwa mkono wangu," akasema.

"Haukuwa wako," Inspekta akamjibu. "Na mimi ndiye niliyekutia ndani kabla ya kufungua swichi. Hilo nalo nitaliandika."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Uso haukuonyesha furaha, ila mabega yalimshuka, kama mtu aliyetuliwa gunia. Inspekta alikuwa tayari anatafuta karatasi safi ya maelezo mapya ya Mjomba, marefu, tangu mwanzo, na anafikiri namna ya kumwambia Mkuu kwamba saa tisa haitakuwa na mtu wa kupandishwa gari, ila saa kumi huenda akawepo mwingine. Ndipo aliposikia bisibisi ikigusa chuma.

Mjomba alikuwa amepiga magoti mbele ya swichi. Alikuwa na bisibisi yake mwenyewe, ile ya ukubwa hasa, na ameshaiingiza kwenye skrubu ya juu, ile iliyolala. Umeme ulikuwa bado umewashwa. Ncha iliteleza, ikakwaruza rangi ya ukuta.

"Niirudishe," alikuwa anasema. "Dakika moja tu. Naijua sasa. Mwekundu hapa, mweusi ule pale. Niirudishe kama ilivyokuwa."

"Usiguse, Mjomba," Inspekta akasema.

Lilikuwa neno lilelile alilowaambia watu wa nyumba ile juzi mara tatu, na leo tangu asubuhi alikuwa akitamani lingekuwa limetiiwa. Mjomba alitoa bisibisi kwenye skrubu, akailaza sakafuni, na hakugusa tena kitu.